Sauti ya Kaka Kwenye Mizani ya Maziwa

"Lita ta-ta-ta…" kisha kimya. Hivyo ndivyo sauti ya kaka yangu ilivyokwama, muda mfupi baada ya kumzika kijijini kwetu Ndalu.

Programu ilikuwa yake. Nyanya yetu, tunayemwita kukhu, haoni tena, lakini bado anapimia majirani maziwa. Kaka aliunganisha mizani na kompyuta kuukuu, akarekodi sauti yake itaje lita. Ndani kulikuwa na nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja: mmoja unasoma mizani, mwingine unatamka, na kufuli ya kuzizuia zisigongane.

Kompyuta ilipokufa, nilibeba faili hadi saiba, duka la intaneti mjini Kitale ninakofanya kazi, nikaunda programu upya kwenye mashine nyingine; hapo ndipo sauti ilipoanza kukwama. Mimi niliishia Form Four, lakini kaka alinifundisha. Tulikuwa tufungue kampuni, bana, yenye viti vya kuzunguka!

Kukhu alipiga simu kila asubuhi. "Ameanza kusema?"

"Bado, kukhu."

Nilisoma kila mstari wa kaka. Haukuwa na kosa. Mwishowe mwenzangu wa saiba akaomba kuona mstari nilioandika mwenyewe, ule unaotaja laibrari, yaani kazi za watu wengine ambazo programu huazima.

"Mbona hii laibrari kubwa umeiweka mbele ya ile ya nyuzi?"

"Si ndiyo kubwa? Wazee hupakuliwa kwanza."

"Wee! Ati umepanga laibrari kama meza ya matanga!"

Tulicheka, mimi nikamalizia kwa kulia. Kumbe ile kubwa ina kufuli za bandia, zenye majina yale yale. Ukiziambia zifunge zinaitikia, na hazifungi chochote. Programu ilikuwa inazikuta hizo kwanza, nyuzi zinagongana. Nikaweka ya nyuzi mbele.

Nilipoipeleka mashine Ndalu, kukhu aliweka ndoo ya maziwa juu ya mizani.

"Lita tisa, kukhu!"

Akashika spika kwa viganja viwili. "Sema tena, mjukuu wangu." Akainua ndoo, akairudisha. Lita tisa, kwa furaha ile ile.

"Hata hakohoi," alisema polepole. Kweli, kaka alirekodi kabla ya kuugua. Kukhu akapangusa uso kwa leso, akapapasa ukuta kwenda jikoni.

Nilipobaki peke yangu, nilichukua ndoo tupu nikaiweka juu ya mizani.

"Bado, kukhu. Hakuna kitu," kaka akasema kwenye spika.

Nikaitoa. Nikaiweka tena.