Samadi kwenye Pipa la Udhu

Tangu hitma ya kumsomea marehemu bibi sipiti mbele ya msikiti, nazunguka kwa nyuma, maana nikikutana na Maalim anayeswalisha hapo uso kwa uso sijui nitauweka wapi wangu.

Shuleni kwetu Msambweni mwalimu wa kilimo alitufundisha chai ya mboji: unaloweka kijigunia cha mboji ndani ya maji, unakoroga kila mara ili vile vijidudu visivyoonekana vipate hewa, kisha unanyunyizia mboga. Maji ya bomba yana dawa inayoviua, akasema, kwa hivyo yaacheni wazi yatulie kwanza. Mimi nikachaguliwa nilete ndoo moja ya chai hiyo Jumatatu. (Nilichaguliwa kwa sababu sikusema hapana. Huwa sisemi hapana, huwa naangalia viatu vyangu.)

Nyumbani bomba lilikuwa kavu, lakini uani kulikuwa na pipa ambalo mama alilijaza kwa ajili ya udhu wa wageni wa hitma, na maji yake yalikwisha tulia. Ningeomba ndoo moja ningepewa. Ila kuomba ni kuulizwa, na mashangazi walikuwa wamejaa jikoni, basi nikaenda kimyakimya na kijigunia changu mkononi, mara nikasikia kandambili za shangazi zinakuja, nikababaika, nikakitumbukiza kijigunia pipani na kufunika. Shangazi akaniburura nikamenye vitunguu. Niliporudi kamba ilikuwa imefunguka, na mboji yetu ni samadi ya mbuzi. Nikafunika tena nikaenda kulala (akili hiyo!).

Kesho yake kabla ya adhuhuri Maalim ndiye aliyefunua. Akaruka nyuma.

"Hili pipa la udhu au la ng'ombe?"

Ami Salimu, mdogo wake baba, akachungulia. "Rangi imebadilika."

"Na harufu pia. Imebaki ladha."

"Basi onja, Maalim, utupe hukumu."

Wanaume wakacheka, lakini mama hakucheka. Wageni walikwisha vua viatu, wengine wametoka Ramisi, misahafu imepangwa na hakuna maji ya kutawadha. "Nani ametia samadi kwenye maji ya watu?" Mimi nikaangalia viatu vyangu. Watoto wakatumwa na madumu kisimani kwa jirani, na mama, machozi yakimlengalenga, akashika ukingo wa pipa alipindue.

"Usimwage, mama! Ni mimi!"

Uani pote vichwa vikageuka. Sikujua nina sauti kubwa hivyo.

Maalim akaniuliza polepole, "Yanafaa kitu?"

"Shikamoo Maalim, yanafaa," nikasema (salamu ilitoka yenyewe), "yameoza kwa kukosa hewa, hayafai kwa mboga, lakini shinani pa migomba yanafaa, ila… lazima yaongezwe maji."

"Lahaula! Maji yanayotaka maji!" Ami Salimu akapiga mapaja.

Hitma ilianza wali umeshapoa. Mimi jioni nzima nilipanda na kushuka kisimani nikiyazimua yale maji, kata moja kila shina, migomba yetu na ya jirani, na Jumatatu nikaenda shule mikono mitupu.

Siku hizi naloweka ndani ya kopo, kwa maji yaliyooshewa mchele, na kabla sijayagusa nauliza kwa sauti: "Maji haya yana mwenyewe?" Nauliza hata nikiwa peke yangu nyumbani.