Kuku wa Mama Mkwe

Wenzangu, sijui nitarudi Misikhu kwa kina mke wangu Nekesa na uso gani. Juzi nilianza kutengeneza sabuni ya kuogea hapa Kitale. Sikuwa na vyombo, kwa hivyo niliimwaga kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia ili igande. Ikatoka nyeupe kama mafuta yenyewe yakiganda, inapendeza, lakini ilikataa kabisa kutoa povu. Wateja walisugua mpaka wakachoka, wakanirudishia.

Jumamosi nikaenda ukweni, nimebeba sukari, mkate na mkebe wa mafuta ya kupikia. Kwa mila yetu mama mkwe hakutani na mkwe uso kwa uso, kwa hivyo alibaki jikoni akinipikia kuku. Mimi niko sebuleni, najigamba kwa baba mkwe:

"Hiyo sabuni yangu, baba, siku moja utaiona."

Mara mama mkwe akaita kutoka nyuma ya ukuta:

"Baba Nekesa! Si uulize huyo mkwe, ati haya mafuta alitoa wapi? Kuku inatoa povu mpaka imezima moto!"

Baba mkwe akanigeukia polepole. Sabuni iliyoshinda Kitale nzima ilikuwa imepata povu, tena ndani ya kuku wangu.