Jezi za Msonobari Zianikwe Kando ya Barabara

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata harufu yake: sabuni ya mche, jezi mbichi na mafuta ya taa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi kama leo. Nilikuwa mkamwana kijana katika kaya hii, nimeinama kwenye beseni la jezi, mara vijana wa timu wakaingia uani wakiongozwa na mmoja aliyebeba galoni la mafuta ya taa. Walikuja kuzichoma zile jezi. Nyuma yao alisimama mume wangu Lameki, babu yako, begi mkononi, na macho yake hayakutaka kukutana na yangu.

Nitakusimulia polepole. Mlango umeufunga, lakini masikio hayana komeo. Nimeleta kibao changu nimekaa hapa kizingitini, na magoti yangu yakishakaa hayana haraka ya kuinuka. Tangu jana jioni, Msonobari iliposhuka daraja na penalti ya mwisho ukaipaisha wewe, hujala, simu umezima, na mama yako ananiambia umefungasha nguo uondoke na gari la mchana kwenda Tunduma kwa binamu yako anayepakia malori ya mpakani. Haya. Kabla hujaenda nisikilize. Nikimaliza, kama bado unataka kwenda, nitakufungia viazi vya njiani mimi mwenyewe.

Timu hii mmeikuta, Isaya. Hata jina lake mmelikuta. Enzi hizo Songwe haijawa mkoa, sisi sote hapa Mbozi tulikuwa Mbeya, na Itaka ilikuwa na vijana wanaopiga chandimu nyuma ya kanisa, wengine vifua wazi. Akaja mchimba visima kutoka Uswidi, tukimwita Bwana Sveni. Mrefu, mwekundu wa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limenyooka kama limepigwa pasi. Mchana alichimba kisima, jioni alikaa kwenye nyasi kutazama mpira. Wazee wakasema, huyu hakuletwa na maji, kaletwa na mpira.

Siku moja akapokea furushi kutoka kwao. Ndani yake jezi, kijani na nyeupe, za timu ya mji wake mdogo. Zilikuwa zimevaliwa, lakini zimefuliwa na kukunjwa vizuri mno. Kifuani zilikuwa na picha ya mti, na mtu mmoja akasema, mbona huu ni msonobari, kama ile ya kule juu kwenye shamba la serikali? Basi timu ikawa Msonobari. Wafupi walizivaa kama kanzu. Nawe usicheke, babu yako alikuwa mmoja wao.

Mama yake Lameki, mama mkwe wangu, ndiye aliyejitolea kuzifua. Akaweka desturi yake: mechi ni Jumapili baada ya ibada, jezi zinafuliwa Jumatatu, na zinaanikwa kwenye ua wa mbele, kando ya barabara ya sokoni, kila apitaye azione. Ikawa ndivyo kila wiki. Nilipoolewa, nikapokezwa beseni kabla hata sijaonyeshwa shamba.

Mwaka huo nilioolewa, timu ilipanda. Ilianza na timu za kata, ikazimaliza, ikaingia ligi ya wilaya, na msimu uliofuata ikapanda tena, ligi ya mkoa. Tulikwenda Vwawa juu ya lori la kahawa, tumekaa juu ya magunia, tunaimba nyimbo za kwaya tumebadilisha maneno. Jumatatu yake, nilipoanika jezi, kina mama waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama wakazishika. Mmoja aliishika ya kipa, ya Lameki wangu, akasema, "Huyu kijana Mungu amempa mikono." Nilijivuna, mwanangu. Nilijivuna hata nikasahau kwamba wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

Tukashuka. Huko juu timu zilikuwa na viatu, na mazoezi, na watu wanaokula nyama kabla ya mechi. Tulihangaika mpaka mechi ya mwisho, hapa hapa nyumbani, tukitafuta sare tu ili tubaki. Ilinyesha mvua ile ya mwisho mwisho, kahawa za kwanza zimeanza kuiva. Mpira mwepesi kabisa, mpira ambao hata mimi ningeudaka na mimba yangu, ukateleza kwenye tope ukapita chini ya tumbo la Lameki. Sijawahi kusikia uwanja umenyamaza vile. Nilisikia ng'ombe akilia kwa jirani.

Jioni hiyo vijana walimkuta Bwana Sveni wakamlilia. Yeye, kwa kutaka kuwapoza, akacheka kidogo akasema, "Poleni. Hata timu yetu ilishuka, mwaka ule ule tulioacha kuvaa jezi hizi." Loo! Aliona anawafariji, kumbe amewasha moto. Kabla ya kulala kijiji kizima kilikuwa kimesikia: jezi zile ni za nuksi, ni nguo za watu walioshuka, Mzungu katutupia balaa lake. Na mwenye kuivaa ya kipa, wakasema, balaa limemganda mwilini.

Lameki hakulala. Asubuhi akaniambia anakwenda Tunduma, atavuka mpaka, ana ndugu upande wa Zambia, atapata kazi. Nikamuuliza, atarudi lini? Akasema, "Watu wakisahau." Nilishikwa na hofu ambayo sijui niifananishe na nini. Nikaenda zangu kwenye beseni, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kupeleka mikono yangu.

Ndipo walipoingia na galoni.

Mama mkwe alikuwa akimenya viazi jikoni. Akatoka, akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa watoto aliowaona wakizaliwa.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba. Mmekuja kunisaidia kuanika?"

Yule wa galoni akaeleza, kwa adabu, kwamba wazee wa timu wameonelea jezi zichomwe na majivu yatupwe mtoni. Mama mkwe akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akampokonya galoni, akalitikisa, akasema, "Asante, mwanangu. Taa yangu ilikuwa imekauka." Akaliingiza ndani. Akarudi, akaokota jezi kutoka kwenye beseni langu, ya kwanza kabisa ile ya kipa, akaikamua, akaenda nayo ua wa mbele akaianika katikati, kifua kikitazama barabara. Halafu akarudi kuchukua nyingine.

Lameki akasema, "Mama, usinianike mbele za watu."

"Nimeianika jezi," akajibu. "Wewe sijakugusa. Niitieni Bwana Sveni."

Akaja mbio, tope la kisima mpaka magotini, uso umemshuka kwa kusikia alichokisababisha. Mama mkwe akampa kigoda akamwambia, "Baba, jana ulianza hadithi ukaikata. Imalize."

Akaimalizia, mwanangu, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Alisema babu yake alikuwa mmoja wa walioanzisha ile timu, mafundi wa kiwanda cha mbao, wakicheza kando ya magogo. Wakapanda, mji ukaimba. Wakashuka. Wakakaa chini mpaka babu akazeeka. Baba yake alipokuwa kijana wakapanda tena, safari hii hadi ligi kubwa ya nchi, wakacheza na timu za mjini. Wakafungwa, wakashuka, na wakazidi kushuka, daraja chini ya daraja. Akasema kwao kuna majira theluji inafunika uwanja hadi magotini, na siku za mazoezi watu wa mji wanakuja na mabeleshi kuisukuma pembeni ili vijana wapate pa kuchezea. "Timu ikiwa juu, mabeleshi yanakuja," akasema. "Timu ikiwa chini, mabeleshi yanakuja."

Kuhusu jezi akasema kwao timu ikianza msimu katika daraja jingine hushonewa mpya. Hizi za zamani mama yake alizifua, akazikunja, akaona zisiozee kabatini wakati wapo watoto wa watu wanaocheza vifua wazi.

Hapo Lameki akafungua mdomo tena, kwa sauti ndogo. "Huyo kipa wenu. Aliyefungwa goli la kuwashusha kutoka ligi kubwa. Alikwenda wapi?"

Bwana Sveni akamgeukia. "Hakwenda mahali," akasema. "Ni baba yangu."

Akavuta kigoda karibu na Lameki, akaendelea.

"Mpira ulimteleza, kama wako. Kesho yake alikwenda kiwandani. Asubuhi watu hawakumsemesha. Mchana mmoja akamkatia mkate wake nusu, wakala pamoja. Jumamosi akadaka tena. Siku tulipomzika, timu ilikuwa chini sana, na kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye baridi. Walifunika jeneza kwa bendera ya timu."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umesikia, baba? Timu imeshuka daraja. Wewe hujashuka popote, umesimama uani kwenu. Mkeo huyu ana mimba. Mtoto akizaliwa ataniuliza baba yuko wapi. Nimwambie goli lilimfukuza?"

Babu yako alilia mbele ya wenzake wote. Na yule wa galoni, niliyemchukia asubuhi nzima, ndiye aliyekwenda akalichukua lile begi mkononi mwake na kuliweka barazani. Kisha Lameki akajifuta uso, akaenda nyuma kugeuza kahawa kwenye kichanja, kwa sababu jua lilikuwa limetoka na kahawa haingojei mtu amalize huzuni yake. Wenzake wakamfuata, wakageuza pamoja. Mimi na mama mkwe tukamaliza kuanika. Waliopita sokoni siku hiyo waliziona jezi zote, na mama mmoja akasimama akauliza, "Mazoezi yanaanza lini?"

Hawakupanda mwaka uliofuata, nisikudanganye. Walikaa chini miaka. Walipanda baba yako akiwa winga, wakashuka tena, wakapanda tena juzi juzi na ninyi, mkatuletea raha. Zile jezi za Uswidi zilichakaa zikawa matambara ya kusafishia taa, na nyingine zimekuja zikapita. Bwana Sveni alirudi kwao zamani, na kisima chake bado kinatoa maji, wewe mwenyewe umekunywa tangu utotoni. Babu yako tulimzika pale kwenye mibuni. Uwanja mzima ulikuja, na mwaka ule Msonobari ilikuwa ligi ya wilaya, inafungwa hovyo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, nayo si ndefu. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na ngoma hiyo inakusubiri maisha yako yote: utapanda kazini ushuke, utapanda shambani ushuke, hata ndoa ina misimu yake. Usijifunze kukimbia kila ukishuka, maana miguu ikizoea hivyo haitakaa mahali. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Penalti uliikosa, ni kweli, usimsingizie mwamuzi wala nuksi. Sema "nilikosa," kisha ukae pale pale watu wanapokujua, wakukatie mkate. Hawawezi kukukatia mkate usipokuwepo. Wala sisemi Tunduma ni kubaya. Shangazi zako wanaishi kule, wanauza, wanasomesha watoto. Nenda Tunduma siku yoyote unayokwenda kutafuta. Unapokimbia, usiende.

Na wala usifikiri nimekaa hapa bure tangu asubuhi. Alfajiri, kabla hujaufunga mlango, wakati umejifunika, nilichukua jezi yako kwenye lile begi lako la safari. Ilikuwa na tope mpaka kolani. Mikono yangu haikamui tena kama zamani, mama yako alinisaidia. Iko ua wa mbele, katikati, namba inatazama barabara. Watu wa sokoni wameshapita. Wengine wamenisalimu tu. Mwalimu wenu wa timu amesimama akauliza kama utakuwepo mazoezini Alhamisi. Nimemjibu, "Mwulize mwenyewe, yumo ndani." Kasema atapita tena jioni.

Mungu wa babu yako akushike mkono leo na siku zote. Akupe miguu ya kupanda bila majivuno na moyo wa kushuka bila kujificha. Akupe watu wa kukukatia mkate, nawe uwe mtu wa kumkatia mwenzako. Na siku yako ikifika, iwe mbali sana, wakukute kwenu.

Sasa fungua mlango, Isaya. Jezi imekauka, na mimi siwezi kuinuka hapa peke yangu.