Nusu Saa ya Mwalimu Celestina

Celestina alikuwa amewazika mama yake na dada yake, wote kwa saratani ya matiti. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba hatari kwake ni kubwa kuliko kwa wengine, hakushtuka. Kilichomshtua ni dawa yenyewe.

"Tembea, mwalimu. Nusu saa kila siku, kwa kasi, mpaka jasho likutoke. Kutembea hakuondoi hatari, ila kunaipunguza. Na vipimo usiviache."

Kesho yake mwalimu huyo mstaafu akavaa raba, akashika barabara ya Buhongwa. Hakufika mbali. Gari likasimama: "Shikamoo mwalimu! Panda nikusogeze." Akakataa, likasimama la pili. Nusu saa yote ikaishia kwenye marahaba na asante. Jasho hata tone.

Wiki haikuisha, mtaa ukawa umeshajua kwamba mumewe, Gosbert, ameuza gari. Jirani yake Sabina akaleta sufuria ya ndizi kwa nyama. "Pole, Mama Brightness. Ndiyo dunia." Mwingine akaleta vitumbua. Celestina, aliyetakiwa atokwe jasho, akaongezeka kilo mbili.

Gosbert hakuweza kuvumilia aibu hiyo. Akawa anamfuata mkewe na gari, polepole, taa zinawaka, watu waone kwamba lipo. Wakaliona. Wakasema anamchunga.

Jumapili wanajumuiya watano wa kanisani wakaja kuwapatanisha. Mwenyekiti wao, Odeta, alisali kwa kirefu, kisha akauliza, "Mama Brightness, ndoa ni uvumilivu. Baba amekukosea nini mpaka unakimbia nyumba kila asubuhi?"

Habari za matiti yake Celestina hakuwahi kumwambia mtu zaidi ya mumewe. Lakini siku hiyo alichoka.

"Hajanikosea. Saratani ya titi ilimchukua mama, ikamchukua dada. Natembea nisiwafuate."

Gosbert akaangalia dari. Odeta akafunga kitabu cha sala.

"Mama yangu naye," akasema, sauti imeshuka. "Sisi tulisema karogwa, tukagombana na majirani mpaka leo." Akamgeukia Celestina. "Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Asubuhi walikuwa wawili. Mwezi ulipokwisha walikuwa saba, wamejifunga kanga juu ya suruali za mazoezi walizoazima kwa binti zao. Wapita njia huwauliza wanampigia kampeni mgombea gani. Odeta huwajibu kwa hotuba. Celestina hajibu, pumzi anaitunza, mbele kuna kilima.