Kalekye na Neno la Kaburini

Kalekye ni mtoto wangu wa kwanza. Anafundisha gredi ya kwanza karibu na Kwa Vonza. Mimi sikwenda shule, kazi yake nimeiona kwa nje tu. Siku moja nilimpelekea mbaazi kutoka huku Nuu, nikasimama dirishani. Alikuwa ameandika ubaoni neno la Kikamba, mbui, yaani mbuzi. Mtoto mmoja akaruka: "Huyo ni wetu!" Alidhani ni mbuzi wa kwao aliyeandikwa pale. Darasa lote likacheka, na Kalekye akacheka kuliko wote.

Ndivyo anavyofundisha. Watoto wa huku wanaingia shule na Kikamba peke yake. Anaanza na hicho, hizo lugha nyingine zinakuja nyuma.

Mwaka huu chuo kilimkubali kusomea digrii ya pili ya ualimu. Mimi nilijua ualimu ni ualimu. Kumbe huko juu una matawi, na mtu anashika moja tu. Kuna la kuendesha shule. Kuna la kufundisha watoto wadogo kusoma. Kuna la kushauri wanafunzi wenye shida. Ukishachagua, umechagua. Alipewa mpaka Ijumaa, na asipojibu nafasi inapewa mtu mwingine.

Mke wangu Mbinya angekuwepo, hayo yangeisha kwa kikombe cha chai. Mambo ya shule walikuwa wakiyaongea yeye na Kalekye. Mimi nilikuwa wa mbuzi na mitaro ya shamba. Lakini Mbinya tulimzika kabla ya mvua kuanza.

Na siku hiyo ya mazishi ndipo mambo yalipoharibika. Kavindu, mdogo wake Mbinya, alikuja kutoka Mtito Andei, ambako ana hoteli ya chakula. Alichukua kipaza sauti kando ya kaburi.

"Dada yangu ameniachia neno," alisema. "Kalekye asomee kuendesha shule. Awe mwalimu mkuu, halafu awe mkubwa wa elimu kaunti nzima!"

Watu walipiga makofi. Pasta akasema amina. Kwetu neno la mtu anayekufa halichezewi. Hata sisi wa kanisa tunaliogopa.

Jumatano Kalekye alikuja nyumbani. Nilimwekea muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, hakuugusa.

"Baba, Mama alisema vile?"

"Mimi sikusikia."

"Si ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye. Halafu nikatoka kunywesha mbuzi. Kavindu akabaki."

"Sasa alisema ama hakusema?"

Nilifikiri. Mbinya alikuwa akimwambia mdogo wake mambo mengi ambayo hakuniambia mimi. Kavindu naye anajua kuongeza chumvi. Yote mawili nayajua, na hayanisaidii.

"Sijui, mwaitu."

Mwaitu kwa Kikamba ni kusema mama yangu. Kalekye ana jina la mama yangu mzazi, na kwetu mtoto kama huyo ndiye mama yako. Simpi amri. Hata Mbinya alimwita mama mkwe, na akitaka kumtuma maji alianza kwa kumbembeleza. Majirani walikuwa wakitucheka.

"Na wewe unataka gani?" nilimuuliza.

"Nilitaka ya watoto wadogo. Sasa sijui kama naitaka, ama ni kuogopa ukubwa. Salama, yule mwenzangu tunafundisha naye, anasema nichukue ya kushauri, kwa sababu watoto wenye vilio wote wanakuja kwangu. Mama mdogo anasema ya kuendesha shule. Kila mtu akiongea naona ni kweli." Alisukuma sahani. "Na nikikanyaga neno la Mama, halafu kitu kinipate?"

Nilienda kufungia mbuzi.

Alhamisi Kavindu akafika.

"Mwalimu mkuu wangu!" alipaza sauti kabla hajaingia. "Umeshawajibu?"

"Bado, mama mdogo."

"Bado nini? Unataka kuzeeka ukiimba a, e, i, o, u na watoto wenye kamasi?"

"Hao wenye kamasi ndio watakusomea Biblia macho yako yakiisha."

"Mimi nina madereva wa malori. Wananisomea mpaka gazeti wakingoja nyama."

Walicheka. Mzaha wa tatu ungekuwa wa Mbinya.

"Kavindu," nikasema, "alisema kweli?"

"Alisema. Niape?"

"Usiape."

Nilikaa hapo kichwa kimejaa kama gunia. Yule alisikia, mimi sikusikia, na msichana anatungoja sisi. Kisha nikamtazama Kalekye, na jambo moja likanyooka.

"Kavindu, huyu ni nani hapa nyumbani?"

"Si ni Kalekye."

"Kwangu ni nani?"

"Ni mama yako."

"Na kwa Mbinya?"

"Mama mkwe wake." Akaanza kuona ninakoenda.

"Sasa mke wa mwana alianza lini kumwachia mama mkwe amri?"

"Asi! Shemeji! Kumbe huwa unaongea!" Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha. "Lakini ombi anaweza kuacha."

"Ombi anaweza."

"Basi lilikuwa ombi."

"Na ombi mtu anaweza kulikataa," Kalekye akasema polepole.

"Na wale walionisikia pale kaburini?" Kavindu akageuka kwangu. "Nitaonekana mwongo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Nitawaambia mimi," nikasema.

Wote wawili walinitazama. Siku ya kumzika Mbinya nilipewa kipaza sauti, nikakirudisha bila neno.

Nilidhani Kalekye atafurahi. Alilia. "Baba, afadhali ingebaki amri. Amri ningeibeba tu. Sasa ni mimi mwenyewe."

Alipanda kilimani, ambako simu inashika. Alikaa huko mpaka Kavindu akaanza kumwita. Aliporudi viatu vilikuwa na vumbi jekundu, uso umekauka.

"Umechagua?"

"Ya watoto wadogo. Kusoma."

"Ni sawa?"

"Sijui, Baba. Nimetuma."

Jumapili nilisimama kanisani.

"Kalekye atasomea kufundisha watoto wadogo kusoma," nikasema. "Kavindu alituletea ombi la Mbinya. Tulilisikia. Amechagua mwenyewe."

Nikaketi. Kavindu alipiga makofi akitazama huku na huku. Wengine walimfuata, wengine waliweka mikono magotini. Kalekye aliinamisha kichwa. Sikujua anaomba ama anaficha uso.

Nje, mzee Mutiso wa kanisa alinishika mkono.

"Sasa Mbinya alisema ama hakusema?"

"Sijui."

"Na hili angelipenda?"

Mutiso ni mtu mzuri, aliuliza kwa upole.

"Hilo," nikamwambia, "ningemuuliza yeye."