Kitabu cha zahanati ya jela kilisema mteja wetu amekufa

Wakuu, salamu kwenu. Hii niliiona kwa macho yangu na sitatia chumvi. Mwenye kucheka acheke.

Miaka ya themanini nilikuwa karani wa wakili mmoja Kitui. Mteja wetu, Mutua wa Kwa Vonza, alikuwa ameishtaki jela. Askari walimvunja mkono akiwa mfungwa, ukapona umepinda. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya kitabu cha zahanati ya jela.

Tukakiomba. Wakasema kimepotea.

Tukaomba tena. Wakasema kimeliwa na mchwa. (Mchwa wa Ukambani nawajua, lakini hawajui kuchagua kitabu.) Hakimu naye hakuamini, akaamuru turuhusiwe kukisoma hukohuko jela na kunakili kwa mkono.

Nikatumwa mimi. Askari jela mmoja mzee akaniwekea kitabu mezani, kizima, hakina hata tundu. Akaketi mbele yangu.

Namba ya Mutua nikaiona: mkono umevunjika, amefungwa bandeji. Nilifurahi jamani! Kesi imeisha.

Sijui ni nini kilinifanya nifunue ukurasa wa pili. Namba ileile, jina lilelile, siku tatu baadaye: "Homa. Amefariki. Amezikwa."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai na Mutua.

"Mzee, hii ni nini?"

Hakuangalia hata kitabu. "Umetumwa kunakili mkono. Nakili mkono."

Nilinakili kurasa zote mbili.

Nilipomsomea Mutua, aliniomba niirudie ile tarehe. Kisha akasema, "Huyo ni Kioko wa Mukuyuni, mfungwa mwenzangu. Alikuwa na homa, shati yake imelowa. Nikampatia yangu."

Shati za jela zilikuwa na namba. Kioko alibebwa asubuhi akiwa na namba ya Mutua, zahanati ikamwandika kwa namba hiyo, na wafungwa wakaambiwa Kioko amehamishwa. Mutua alipomaliza kifungo, ofisi ilimtoa kwa kitabu chake yenyewe, ambamo alikuwa bado hai. Vitabu vya jela havikuwa vinasalimiana.

Punde wakili wa serikali akaja na ofa: watakubali kosa la mkono, mradi ukurasa wa pili usifike mahakamani. Bosi wangu alitaka tukubali. Mutua akasema, "Kwanza twende kwa mamake Kioko."

Tulimkuta akipepeta ndengu. Alikuwa bado anangoja kuambiwa mwanawe alihamishiwa jela gani. Mutua alimweleza yote akiwa amepiga magoti.

Mama aliuliza kitu kimoja tu. "Kaburi iko na jina ya nani?"

"Yangu, mwaitu," Mutua akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Akaushika ule mkono uliopinda. "Ukikubali hiyo maneno yao, mtoto wangu atakaa huko akiwa wewe."

Ukurasa tukaupeleka mahakamani.

Hakimu akaamuru tuonyeshwe kaburi. Kilikuwa kigingi tu, kimeandikwa namba. Mutua aliisoma namba yake, akaking'oa. Mama akaita jina la mwanawe mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula.

Kesi ya mkono ilizungushwa miaka na miaka. Mutua alikufa bila hukumu.

Nilichojifunza: ukiruhusiwa kusoma ukurasa mmoja, funua na wa pili. Lakini ujue utakachokipata ni chako, huwezi kukirudisha.

Mimi, nasema ukweli, ningechukua ile ofa. Nyinyi je, wakuu?