Mwanamke Aliyetaka Nakala

Sikuota, wala sikuwa nimelewa. Mambo haya yalinikuta saa nane mchana, jua likiwaka, ndani ya kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Kamembe. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Aliingia mwanamke wa miaka kama thelathini, kitambaa shingoni, nguo zinachuruzika maji. Nje vumbi tupu! Nikadhani labda ametoka kufua. Aliweka simu mezani, akaifungua mwenyewe, akanionyesha kwa kidole video moja, bila kuicheza.

"Papa, minataka hii ikae fasi ingine, mbali na simu."

"Usihangaike, Maman. Naona humu simu hii na nyingine ziko kwenye akaunti moja. Hata hii ikiharibika, video itabaki kule."

"Ile ingine ni ya bwana yangu. Na akiifuta?"

Alisema kweli. Wengi huchanganya mambo haya mawili. Simu zilizooanishwa zinafuatana: kinachoingia huku kinaingia kule, kinachofutwa kule kinafutika na huku. Nakala ya akiba ni kitu kingine. Hiyo inakaa peke yake.

"Basi nipe hiyo ya akiba," akasema. Sauti ilimtoka kwa kukwaruza, na joto lote lile alikuwa akitetemeka.

Nikaunganisha simu na mtandao wangu ili video ihamie kwenye kompyuta, nikainakili kwenye flashi, kisha nikaifungua kuhakikisha. Afadhali nisingeifungua. Ni jikoni, simu imefichwa rafuni inarekodi. Mwanamke yuleyule amepiga magoti, na mwanaume anampiga nyundo begani, kisha mdomoni, meno yanaruka. Halafu anamkaba kwa mikono miwili mpaka miguu yake inaacha kutapatapa.

Nikageuka kumuuliza alivyopona. Hakukuwa na mtu. Maji tu, yametapakaa chini ya kiti.

Simu ikatetemeka. Video ikafutika yenyewe, mbele ya macho yangu.

Haikupita nusu saa, pikipiki ikasimama nje. Aliyeingia ni yule yule wa kwenye video, nyundo mkononi. Baadaye ndipo nilipoelewa: simu ile ilipopata mtandao, video ilimfikia na yeye. Akaifuta, kisha akafuata ramani iliyomwonyesha simu iko wapi.

"Nani amekupa hii? Niliitupa pamoja naye kwenye tangi!"

Akanipiga. Mkono wangu ulikuwa umeifunika flashi, na nikasikia vidole vikivunjika. Akainua nyundo tena, safari hii akilenga kichwa. Niamini, haikushuka. Mkono uliolowa maji ulikuwa umemshika kutoka nyuma. "Espérance, nisamehe!" alipiga kelele. Mkono ule ukaigeuza nyundo, ikamtua gotini mara moja, mara mbili, sijui mara ngapi, mpaka mfupa ukatokeza kwenye suruali. Majirani wanasema walimkuta akijipiga mwenyewe. Wao waliingia mwishoni. Mimi nilikuwepo.

Polisi walimtoa marehemu kwenye tangi la maji ya mvua, nyumbani kwao Nzahaha. Alikuwa na siku nne humo. Bwana yake, akiwa hospitalini, alikana kila kitu, akasema mke wake alikimbilia Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Flashi ilipofunguliwa, hakukana tena. Sasa yuko gerezani, na hatembei tena.

Na mimi? Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Kazi ya skurubu ndogo nimeiacha. Nauza vifuniko vya simu. Mchana, mteja akiingia bila kubisha, kwanza naangalia kama nguo zake zinadondosha maji.

Siku moja mama yake Espérance alikuja. Video hakutaka kuiona. Aliketi, akanishika mkono huu mbovu, akaniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, siku ile alipokuja kwako, alikuwa anasikia baridi?"

Nikamwambia hapana. Nilimdanganya.

Wewe unayenisikiliza, kama una kitu cha kukutetea, usikiache kwenye simu inayofuatana na simu ya mtu unayemwogopa. Toa nakala, mpe ndugu yako aifiche asikokujua huyo. Na uitoe leo, ungali unapumua.